Kisu cha Garbatulla: cha kuvaa ama cha kazi?

Ukifika Garbatulla ukamwambia mhunzi kuwa wataka kisu, hakuonyeshi kitu kwanza. Atakuuliza: "Unataka cha kuvaa ama cha kazi?" Sisi watu wa pwani twaweza kudhani hayo ni maneno ya biashara tu. Sivyo. Hivyo ni visu viwili mbalimbali, ijapokuwa huenda vimefuliwa kwa chuma kimoja, na aliyekosea kuchagua huliona kosa lake siku ya Idd, mbuzi wa pili yuko chini na mkono umeshalowa mafuta.

Mimi nilikosea. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijafika huko, nilinunua kisu cha aina hiyo kwa kupendezwa na sura yake: mpini wa pembe nyeusi inayong'aa, pete za shaba, ala ya ngozi nyekundu. Kuchinja, kilichinja vizuri. Tulipofika kwenye kuchuna, kiganja kiliteleza kutoka mpinini hadi kwenye makali, na kovu lake liko kwenye kidole changu cha shahada hadi leo. Kisu kile hakikuwa kibovu. Nilikitwika kazi isiyo yake.

Kwa asiyepajua, Garbatulla iko mashariki ya mji wa Isiolo, upande wa kuelekea Modogashe na Garissa. Wenyeji wengi ni Waborana, Waislamu, wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Huko kisu hakikai jikoni. Kinachinja, kinachuna, kinakata kamba ya ngozi na kuchonga fimbo, tena mara nyingi mwenyewe yuko mbali na nyumba na hana kingine. Kwa Kiborana kisu ni billaa. Wasomali wana jambia lao la kiunoni, billaawe, na masikio yenyewe yatakwambia majina hayo yamekaa jirani. Wahunzi wa Kiborana huitwa Tumtu, na wa Kisomali Tumaal. Kwa muda mrefu jamaa hao wametengwa na kunyimwa wake na waume na wenzao. Ajabu ya binadamu: humdharau fundi, kisha hujifunga kazi ya mikono yake kiunoni akatembea nayo kifua mbele.

Chuma chenyewe mara nyingi ni springi ya gari, zile bapa ndefu za chini ya lori. Hiyo si duni hata kidogo. Ni chuma chenye kaboni ya kutosha, kwa kawaida kama asilimia 0.6, kinachokubali kuchomwa, kufuliwa na kuzamishwa kwenye mafuta au maji mpaka kikakaza. Makali yake hukaa, na yakifa huamka upesi kwenye kinoo. Ukitaka kujua kama kimekazwa sawasawa, omba ruhusa upitishe tupa polepole kwenye makali. Tupa ikiteleza, chuma kigumu. Ikiuma na kutoa unga, ni laini, na utakuwa mtu wa kunoa kila saa.

Basi tuanze na cha kuvaa. Billaawe lina bapa pana lenye makali pande mbili, na kichwa cha mpini kimechanua kwa ncha, nyingine zikapambwa kwa madini. Kwa uzuri, sioni cha kulishinda isipokuwa khanjari ya Oman, ambayo ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Khanjari ina fedha na nakshi nyingi, na billaawe lina umbo. Kiunoni, kichwa kile hukaa vyema na mkono hukipata bila kutafuta. Lakini kishike kama unayechuna, ukizungusha kifundo cha mkono: ncha zile zinachoma kiganja. Na kwa kuwa kina makali pande zote mbili, huna mahali pa kuweka kidole gumba juu ya mgongo ukasukuma. Hapo starehe imekwisha.

Cha kazi hakivutii macho. Kina makali upande mmoja, mgongo mnene, mpini wa mti au pembe usio na mapambo. Siri yake yote iko kwenye mpini, na hapo ndipo mnunuzi achukue muda wake. Ufumbe mkono. Mpini wa mviringo kamili kama fimbo huzunguka kiganjani, na mkono ukilowa hujui makali yametazama wapi. Mpini wa umbo la yai hukwambia wenyewe. Uwe mrefu wa kutosha vidole vinne vyote, na nyuma unenepe kidogo ili usichomoke. Mbele, penye noleo, tafuta kijitokezo cha kuzuia kidole. Hicho ndicho nilichokikosa mimi.

Kisha uliza habari za msuka. Msuka mwembamba uliochomekwa ndani ya pembe hukifanya kisu kiwe chepesi na kizuri kutazama, lakini kazi ya nguvu huulegeza. Msuka mpana unaofuata mpini mzima, ukabanwa na vipande viwili vya mti kwa misumari ya shaba, una uzito zaidi na haukutupi. Kisawazishe juu ya kidole karibu na noleo. Kikilala sawa, hakitakuchosha. Kikiangukia mbele, mbuzi wa tatu utamwachia mwenzako.

Pembe au mti? Kwa macho, pembe. Kwa mkono uliolowa, mti usiong'arishwa sana. Iwe pembe ya ng'ombe, hapana ubishi. Anayekunong'oneza kuwa ana mpini wa kifaru au nyati, mwache na kisu chake, maana hizo ni nyara za wanyamapori na utajitia matatani na sheria.

Jambo ambalo mhunzi wa bara hatakwambia, kwa kuwa halimhusu, ni hewa yetu. Garbatulla ni kukavu, huku ni chumvi na unyevu. Chuma cha springi hushika kutu kwa usiku mmoja tu kikiachwa kichafu. Kioshe, kikaushe, kipake mafuta ya nazi membamba. Usikilaze ndani ya ala, kwani ngozi hunywa unyevu ikaota ukungu na kutia madoa chuma. Mpini nao hucheza mwezi wa kwanza, kwa hivyo usikimbilie kuulaumu, ngoja utulie kisha ukazwe.

Mtume wetu (SAW) ametufundisha kunoa makali na kumpumzisha mnyama. Kwa kazi hiyo tu, urefu wa bapa na ukali wake ni bora kuliko pete za shaba. Nimebaki na visu viwili. Kile cha pembe kimetundikwa sebuleni na wageni hukisifu. Cha pili, chenye mpini wa mti ulioshika weusi wa mikono, kiko jikoni na hakuna aliyewahi kukiulizia.

Ukinunua chako huko, usikivae kurudi nacho. Kifunge kwa kitambaa ndani ya mzigo wa chini ya basi, maana kwenye vizuizi vya njia ile mizigo hukaguliwa, na askari hatakuuliza kama ni cha kuvaa ama cha kazi.