Entebbe: Deni Lililolipwa na Majirani

Ndugu wasikilizaji, kutoka Mwanza hadi Entebbe ni chini ya kilometa 300, na karibu njia yote ni maji. Wengi wetu huuona ugomvi wa Wapalestina na Waisraeli kuwa ni jambo la mbali, la kusikia katika taarifa ya habari tu. Lakini ugomvi huo uliwahi kuja kupiganiwa kwenye ufuko wa ziwa letu hili hili. Leo tuutazame usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, ila tusiutazame kama watu wanavyoutazama katika sinema. Tujiulize swali moja tu: gharama ya usiku ule ililipwa na nani?

Itakumbukwa kwamba tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara mara baada ya kuruka kutoka Athens. Watekaji walikuwa wanne: Wapalestina wawili wa kundi la Wadie Haddad, pamoja na Wajerumani wawili, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Ndege ilitua Benghazi, Libya, ikatiwa mafuta, na alfajiri ya tarehe 28 ikatua Entebbe. Hapo watekaji waliongezewa wenzao, na Idi Amin akawapokea kama wageni wake.

Walichodai ni kuachiwa wafungwa 53. Wengi walikuwa katika magereza ya Israeli, na waliobaki walidaiwa kuwa Ujerumani ya Magharibi, Ufaransa, Uswisi na Kenya. Kenya iliingiaje? Mwezi Januari mwaka huo huo, Wapalestina watatu walikuwa wamekamatwa Nairobi wakijiandaa kuitungua ndege ya Israeli kwa kombora, na Wajerumani wawili wakakamatwa baada yao. Watu hao hawakupelekwa mahakamani Nairobi. Walikabidhiwa kwa Israeli kimya kimya. Kwa hiyo, hata kabla ndege ile haijatua Entebbe, Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuingizwa katika ugomvi huo, na wananchi wake hawakuambiwa.

Pale uwanjani Waisraeli walitengwa na abiria wengine. Wasio Waisraeli wakaachiwa kwa mafungu mawili, wakabaki mateka 106. Miongoni mwao walikuwamo rubani Michel Bacos na wenzake, ambao walikataa kuwaacha abiria wao. Usiku wa tarehe 3 Julai ndege nne za Israeli aina ya Hercules ziliingia kwa kupitia juu ya ziwa, na kwa muda wa dakika 90 hivi kazi ilikuwa imekwisha. Mateka 102 waliokolewa. Watatu walikufa katika mapigano, watekaji waliokuwapo wakauawa, na kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu, naye akauawa. Wakati wa kurudi, ndege hizo zilitia mafuta Nairobi.

Hapo ndipo sinema humalizikia, na hapo ndipo hesabu ya kwetu inapoanzia.

Wa kwanza kulipa walikuwa askari wa Uganda. Idadi ya waliouawa usiku ule hutajwa kati ya 20 na 45. Palestina hawakuijua wala Israeli hawakuijua. Walipangwa zamu wakaenda zamu. Wa pili alikuwa mama mzee wa zaidi ya miaka 70, Dora Bloch, mmoja wa mateka, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago baada ya kupaliwa na chakula. Ndege ziliondoka bila yeye. Watu wa Amin wakamtoa hospitalini na kumwua.

Wa tatu, na ndio wengi kuliko wote, walikuwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Amin hakuweza kuifikia Israeli, akawageukia waliokuwa karibu. Mamia ya Wakenya waliripotiwa kuuawa, na maelfu wakakimbia na kuacha kazi, maduka na nyumba. Hao hawakuitia mafuta ndege yoyote. Aliyeruhusu mafuta yale alikuwa Nairobi, na aliyelipia ruhusa hiyo alikuwa mfanyakazi na mchuuzi wa Kampala na Jinja.

Na sisi Tanzania tulisimama wapi? Hapa pana somo ambalo vijana wengi hawalijui. Serikali yetu haikuwa rafiki wa Amin hata kidogo. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alikataa kwenda Kampala kwenye mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini Julai 1976, Tanzania ikiwa mjumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ilishirikiana na Benin na Libya kupeleka azimio la kuilaani Israeli kwa kuvunja mamlaka ya Uganda. Azimio hilo halikufikishwa kwenye kura. Lile la Uingereza na Marekani la kulaani utekaji nyara wa ndege lilipigiwa kura, nalo halikupata kura za kutosha.

Wapo waliosema Tanzania ilikuwa ikimtetea nduli. Hivyo sivyo. Ilikuwa ikitetea mpaka. Nchi ndogo haina ngao nyingine zaidi ya kanuni kwamba mwenye nguvu asiingie kwa mwingine usiku akafanya atakalo. Hata hivyo, mwenye haki aseme pia upande wa pili: raia waliochambuliwa kwa uraia wao na kuwekewa siku ya kuuawa, huku mwenye nyumba akishirikiana na watekaji, walikuwa na haki ya kuokolewa. Kanuni ya mpaka ni nzuri, lakini haikupata kutamka neno la kumsaidia Dora Bloch.

Baada ya miaka miwili na kitu, swali lile likatugeukia wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na mwanzoni mwa 1979 majeshi yetu yakavuka mpaka kumfuata. Wapo waliotuuliza: mamlaka ya Uganda mliyoitetea New York iko wapi? Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba aliyeanza ni Amin. Vita hiyo nayo ilileta wageni. Libya ilituma askari kumsaidia Amin, na wapiganaji kadhaa wa Kipalestina walikuwa upande wake, ingawa chama chao cha PLO kilikuwa na ofisi Dar es Salaam na Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli tangu 1973 kwa ajili ya ugomvi huo huo.

Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya ililetwa kuipiga Mwanza kwa mabomu. Ilikosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala wa hifadhi. Wakazi wa Mwanza wamekuwa wakiisimulia habari hiyo kwa kucheka. Lakini tufikiri: mabomu yale yangeangukia Kirumba au Mabatini, nani angecheka?

Tarehe 7 Aprili 1979 askari wetu waliuteka uwanja wa Entebbe. Siku chache baadaye Kampala ikaanguka. Ndipo mabaki ya Dora Bloch yalipopatikana na kupelekwa Jerusalem kuzikwa.

Deni halikuishia hapo. Tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka katika hoteli ya Norfolk, Nairobi, likaua watu wapatao 20. Hoteli ilikuwa mali ya familia ya Kiyahudi, na wengi waliona kuwa ni kisasi cha mafuta yale ya 1976. Na tusidhani kwamba hayo ni ya zamani. Tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walipoishambulia Israeli, miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Baada ya hapo watu wa Gaza wakauawa kwa makumi ya maelfu, wengi wao wanawake na watoto ambao hawakumteka mtu yeyote.

Ndugu wasikilizaji, Mpalestina aliyenyang'anywa nyumba ya baba yake ana haki ya kudai. Mwisraeli anayetaka mwanawe arudi salama kutoka safarini ana haki ya kudai. Kosa la Entebbe ni kwamba kila mmoja alidai haki yake kwenye mwili wa mtu wa tatu. Na aliyewafungulia mlango alikuwa mwenye nyumba, Amin, aliyetaka kuonekana mkubwa mbele ya dunia.

Kwa hali hiyo, viongozi wa nchi zinazolizunguka ziwa hili wanapoombwa uwanja, mafuta, kambi au maficho, na taifa lolote lile, wajiulize kwanza ni mwananchi gani atakayepelekewa hesabu. Na sisi wananchi tusiache kuwauliza. Mgeni akishamaliza vita vyake hupanda ndege akaenda kwao. Jirani hana pa kwenda.