Kesi ya Kuruma

Msomaji, yamkini umewahi kusimamishwa njiani na askari, ukaamrishwa kutoa vitu vilivyomo mfukoni mwako. Je, ulijiuliza kama askari yule alikuwa na idhini ya sheria? Hapa Kenya swali hilo lilipata kuulizwa na mtu aliyekwisha hukumiwa kufa.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Kuruma mwana wa Kaniu alikuwa mfanyakazi katika shamba la Mzungu. Siku yake ya mapumziko alipanda baiskeli kwenda kwao. Njia zilikuwa mbili. Akashika barabara kuu, naye alijua kwamba huko pana kizuizi cha polisi na kwamba mpita njia huweza kupekuliwa. Polisi wakampekua, wakadai wamemkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Kuruma alikana. Kwa kanuni za wakati huo, kuwa na risasi bila ruhusa kulikuwa na adhabu ya kifo.

Lakini kanuni zizo hizo zilitoa mamlaka ya kupekua kwa polisi wa cheo cha inspekta msaidizi na kupanda juu. Waliompekua Kuruma walikuwa chini ya cheo hicho.

Kesi ilisikizwa Thika. Wazee wa baraza watatu walishauri aachiliwe; hakimu akakataa shauri lao. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikubaliana na hakimu, na shauri likafika London, mbele ya Baraza la Faragha la Malkia. Desemba 1954 Lord Goddard akajibu: ushahidi ukihusika na kesi hupokewa, wala mahakama haijishughulishi na jinsi ulivyopatikana. Hakimu aweza kuukataa iwapo kuupokea kungemwonea mshitakiwa. Rufani ikatupwa.

Hata hivyo wakubwa hao hawakutulia moyoni. Kisu hakikuletwa mahakamani, na watu waliosemekana kushuhudia upekuzi hawakuitwa. Wakayafikisha hayo kwa Waziri wa Makoloni. Nami naongeza: mwenye risasi mfukoni, kwa nini aiache njia isiyo na kizuizi?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, imeamuru kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu ukataliwe, iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Tangu hukumu ile ya London ilikuwa imepita miaka 56.