Shajara za Kenneth Williams

Shajara za Kenneth Williams ni maandishi binafsi ya mwigizaji wa vichekesho wa Uingereza, Kenneth Williams (22 Februari 1926 – 15 Aprili 1988). Alianza kuziandika ujanani, miaka ya 1940, na hakuacha hadi mkesha wa kifo chake.

Umma ulimfahamu kwa filamu za Carry On na vipindi vya redio ya BBC, kama Round the Horne na Just a Minute. Shajara zinamwonyesha mtu mwingine: mpweke, mwenye maumivu ya tumbo, aliyempenda sana mama yake, Louie, na asiyeridhika na kazi iliyompa umaarufu. Zinaeleza pia mateso ya kuvutiwa na wanaume katika nchi ambako uhusiano huo ulikuwa kosa la jinai hadi 1967. Wenzake aliwasifu au kuwashutumu bila kuficha.

Williams alifariki London kwa kuzidisha dawa. Mchunguzi wa vifo hakuamua kama alikusudia. Russell Davies alihariri sehemu ya shajara hizo, zikachapishwa mwaka 1993. Ni ushahidi adhimu wa maisha ya msanii na wa historia ya burudani ya Uingereza.