Mbona Mfupa Hupona Lakini Gegedu la Goti Hukusumbua Miaka

Umevunjika mguu ukisakata ball mtaani? Usipanik, msee. Ukifungwa plasta poa, mfupa mara nyingi hushikana baada ya miezi michache. Lakini ukiharibu gegedu, ile kitu laini inayofunika ncha za mifupa kwa goti, hapo ndio kuna ngori.

Siri iko kwa hadubini. Weka kipande chembamba cha mfupa hapo chini, utaona viduara ndani ya viduara, kama kitunguu kilichokatwa. Katikati kuna mfereji wenye mishipa ya damu na neva. Daktari Mwingereza Clopton Havers aliandika juu ya hiyo mifereji 1691, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Seli za mfupa hukaa kwa vishimo kando yake, zikiunganishwa na vijia vidogo sana. Damu inaleta msosi, na fundi wa kurepea hafiki mbali.

Sasa cheki gegedu. Seli ni chache, zimetawanyika ndani ya kolajeni na maji mob. Hakuna mshipa wa damu. Hakuna neva, so linaweza kuanza kulika na usiskie kitu. Msosi wake hutoka kwa ute wa goti: ukitembea linabanwa na kuachiliwa, kama sponji.

Kwa hivyo goti likifura, usijikaze juu ya mechi ya Jumapili. Enda ukaangaliwe. Na daktari akikuruhusu, songasonga: gegedu hula ukitembea.