Nyumba ya Mwalimu Mgeni: Kutoka Mkataba wa Kazi hadi Kiwanja cha Mantapala

Mwalimu anapopangiwa kituo asichokijua, jambo la kwanza linalomsumbua si ratiba ya vipindi. Hujiuliza atalala wapi. Nilipoanza kazi, mwenye nyumba alinidai kodi ya miezi sita kabla sijauona mshahara wa kwanza, nami nikalalamika sana. Lakini nilikuwa nchini mwangu. Niliweza kuondoka pale, nikatafuta chumba mtaa wa pili, nikapatana na mwenye nyumba mwingine. Leo nakuomba tumtazame mwalimu asiyeweza kufanya hata hilo.

Mantapala ni makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula, kaskazini mwa Zambia, ndani kidogo kutoka ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kuanzia Agosti 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwafukuza watu wengi kutoka makwao, nao wakavuka mpaka na kupokewa kwanza katika kituo cha mpito cha Kenani. Januari 2018 walianza kuhamishiwa Mantapala. Miongoni mwao walikuwamo walimu, watu waliosomea ualimu na kufundisha kwa Kiswahili na Kifaransa, wakashika chaki hadi siku waliyokimbia.

Sasa tuiache Mantapala kidogo, tuangalie jinsi mwalimu mgeni alivyopokewa Zambia hiyohiyo miaka hamsini kabla. Nchi ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, Waafrika wake wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa kama mia moja tu. Shule za sekondari zilipanuliwa haraka kwa kutegemea walimu kutoka nje, hasa Uingereza. Mwalimu yule hakutafuta nyumba, kwa maana nyumba ilikuwa sehemu ya mkataba wake wa kazi. Serikali ilijua kwamba bila paa hapatakuwa na mwalimu, na bila mwalimu hapatakuwa na darasa. Fikra hiyo ilikuwa ya dunia nzima: tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililoandaliwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Pendekezo hilo linasema kwamba katika maeneo ya mbali na miji, mwalimu na familia yake wapatiwe nyumba ya staha, ikiwezekana bure au kwa kodi nafuu. Ndiyo sababu tarehe hiyo tunaiadhimisha kuwa Siku ya Walimu Duniani, ingawa wengi wetu huishia kwenye fulana na maandamano bila kuisoma hati yenyewe.

Mwalimu wa Kikongo aliyefika Mantapala alikuwa na elimu, na watoto wa kufundishwa walikuwa tele. Kwa nini basi hakupewa funguo za nyumba kama yule wa mwaka 1964? Jibu limo katika karatasi alizokuja nazo na zile alizopewa mpakani. Ili mtu aajiriwe kuwa mwalimu Zambia hana budi kusajiliwa na Baraza la Ualimu, chombo kilichotokana na Sheria ya Taaluma ya Ualimu ya mwaka 2013. Na mgeni huhitaji pia kibali cha kazi. Stashahada ya Lubumbashi iliyoandikwa kwa Kifaransa haifungui mlango huo kwa urahisi, zaidi ya hayo shule za Zambia hufundisha kwa Kiingereza. Asiyesajiliwa haingii katika orodha ya mishahara ya serikali. Asiye katika orodha hiyo hapati nyumba ya shule wala posho ya pango. Hata akifundisha, hufundisha kama mwalimu wa kujitolea anayepewa kifuta jasho.

Kwa hiyo alipata makao kwa hadhi yake ya ukimbizi, kama mkulima na mvuvi waliosafiri naye. Kila kaya ilipewa kiwanja cha kujenga na eneo la kulima. Mpango huo una heshima yake, nami sitaki kuudharau: mtu mwenye kiwanja hujenga, hupanda muhogo, huacha kuhesabu siku. Wenyeji nao walikusudiwa kutumia shule na zahanati zilezile. Lakini Januari ni katikati ya msimu wa mvua katika nchi hiyo, na tofali la udongo halikauki mvua ikinyesha. Ilibidi familia zianze chini ya turubai. Mwalimu wa namna hiyo hutoka darasani akaenda kukata nyasi za kuezekea, na jioni, badala ya kuandaa somo la kesho, hukanda udongo.

Utauliza: je, hawezi kupanga chumba mjini Nchelenge au Kashikishi, karibu na ziwa? Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unataja makazi katika kifungu cha 21: mkimbizi aliye nchini kihalali atendewe vizuri kadiri iwezekanavyo, na kwa vyovyote asiwe chini ya wageni wengine walio katika hali kama yake. Kifungu cha 26 kinampa haki ya kuchagua mahali pa kuishi. Zambia ilipojiunga na mkataba huo mwaka 1969 ilijiwekea sharti juu ya kifungu hicho cha 26, kwamba itabaki na haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa. Ndiyo maana kutoka nje ya makazi huhitaji hati ya ruhusa, na kuishi mjini huhitaji kibali cha pekee. Mgeni mwenye mkataba wa kazi hupanga popote mfuko wake unapofika. Mwalimu mkimbizi, hata akiwa na fedha za kodi mkononi, hutafuta kibali kabla ya kutafuta chumba.

Tusijione bora. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 nayo inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na kule Nyarugusu, wilayani Kasulu, walimu wa Kikongo wamefundisha kambini tangu miaka ya tisini. Hata hivyo tuliwahi kutenda vingine. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Wakajenga shule ya Solomon Mahlangu pamoja na nyumba za kuishi, na humo wakakaa walimu waliokuwa uhamishoni na wenzao wa kujitolea kutoka mataifa mengi. Shule ilifungwa mwaka 1992. Majengo yakaenda kwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wale nao walikuwa wageni wasio na nchi ya kurudi kwa wakati ule, lakini mwalimu wao alihesabiwa kuwa mwalimu kwanza, na nyumba yake ikachorwa katika ramani ileile ya madarasa.

Ukipata nafasi, msomaji wangu, usome vifungu hivyo viwili, cha 21 na cha 26, kisha uwasomee wanafunzi wako. Waulize ni kipi kati ya hivyo kingemsaidia zaidi mwalimu wa Mantapala. Nilipowauliza wangu, darasa liligawanyika nusu kwa nusu, na kengele ikalia kabla hatujakubaliana.