Kimeng'enya Kisichomeng'enya

Katika kijarida kimoja cha kuwapasha wanafunzi wa sekondari habari za biolojia nimesoma kwamba, kwenye kipimo cha PCR, kimeng'enya hujenga nakala mpya za DNA. Sayansi yake haina kasoro. Kimeng'enya hicho, polimeresi, ambayo asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, huhimili joto kali na huzidisha kipande cha DNA maradufu kila mzunguko, hata mizunguko 30 ikitimia nakala zimepita bilioni moja. Sasa niambiwe: hapo kilichomeng'enywa ni nini?

Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Neno zuri, na kwa mate, kongosho na utumbo mwembamba limekaa mahali pake. Ila waliolitawaza nadhani walifungua sura ya mmeng'enyo wa chakula tu, wakafunga kitabu wakaenda kunywa chai. Kijana anayedurusu anakariri kwamba vimeng'enya huvunja. Akifika kwenye usanisinuru anakutana na rubisko, inayopachika kaboni dayoksaidi kwenye sukari, anaduwaa. Si uzembe wake.

Enzaimu, ambayo sisi tumeiita kimeng'enya, ni jina alilolibuni Mjerumani Wilhelm Kühne miaka ya 1870 kwa kuunga maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Hakulitoa hewani. Mwaka 1833 Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walikuwa wametoa kwenye kimea cha shayiri kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Wapika togwa wetu wanakijua kitu hicho bila maabara: kimea hutiwa uji ukishakuwa vuguvugu, kwani uji unaotokota hukiharibu. Kisha mwaka 1897 Eduard Buchner akasaga chachu, akaikamua, akabaki na majimaji yasiyo na seli hai, na sukari ikachacha vilevile. Alitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1907. Waarabu nao walishika khamira, neno lilelile lililotupa hamira ya maandazi. Wenzetu wote hao wamekutana kwenye chachu. Sisi tukakimbilia tumboni.

Kwa hiyo nasema, na nimekuwa nikisema kwa muda mrefu bila kusikilizwa: kichachushi. Shina ni chacha, likanyambuliwa kuwa chachusha, likavikwa umbo lile lile la unganisha na kiunganishi. Hakuna mshono unaoonekana. Kichocheo hakifai, kwa kuwa wengine wameshakigawa kwa homoni, na wengine kwa kila kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia. Maana ya chachu, kwa upande mwingine, imekwishaenea: kila jukwaa la siasa linatuambia vijana ni chachu ya maendeleo, na hakuna msikilizaji anayehitaji kamusi kuelewa kwamba kinachotajwa ni kitu kidogo kinachosukuma jambo kubwa.

Nilipolipeleka neno hili mbele ya jopo moja, mjumbe mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini, aliuliza kama ninataka biolojia inuke pombe. Kikao kikacheka. Mwingine akateta kwamba chachu ni kiumbe hai, ilhali enzaimu si hai. Naam, na ndiyo maana sikusema chachu. Nimesema kichachushi, kile kilichomo ndani yake kinachofanya kazi hata chachu yenyewe ikiwa imekufa. Buchner alishaumaliza ubishi huo. Ningemjibu hivyo papo hapo, lakini muda uliobaki ulimezwa na mjadala wa posho, ambao, nakiri, uliendeshwa kwa Kiswahili fasaha kuliko mengine yote ya siku ile.

Matumizi hayana taabu: kichachushi, vichachushi; amilesi, lipesi na polimeresi zibaki na majina yao. Mtihani wa biolojia wa kidato cha nne nchini Tanzania hufanywa kwa Kiingereza, hivyo hakuna atakayepoteza alama kwa kunifuata. Kimeng'enya nacho nisionekane nakitupa. Mwaka 2016 Wajapani walitangaza bakteria waliyempata mjini Sakai, ambaye enzaimu yake huvunja plastiki ya chupa za maji. Hiyo kweli inameng'enya, na jopo liichukue.