Tairi Mseto, Wala Si Tairi la Misimu Yote

Limetua mezani kwangu jedwali la istilahi za magari lisilo na jina la mtunzi. Halihitaji jina, mwandiko wa kamati haujifichi. Chini ya kichwa cha aina za matairi nimekuta mistari mitatu: tairi la kiangazi, tairi la majira ya baridi, tairi la misimu yote. Nikatafuta tanbihi, labda kuna maelezo. Hakuna. Walioandika hayo walikuwa na kamusi ya Kiingereza mkono wa kushoto na kikombe cha chai mkono wa kulia, na sidhani kama kati yao alikuwepo hata mmoja mwenye gari linalokimbia.

Msomaji wa makala haya anajua jambo lenyewe, kwa hiyo sitamchosha. Mpira wa tairi la kwanza hubaki imara lami inapochemka, na mifereji yake mipana hutema maji. Mpira wa tairi la pili hubaki laini hata joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na uso wake umechanjwa chale nyembamba za kung'ang'ania theluji. La tatu limechukua kidogo huku na kidogo kule. Kinachoyatenga ni joto la barabara na ugumu wa mpira. Kalenda haihusiki. Kamati imeiacha barabara na kwenda kutafsiri kalenda, tena kalenda ya watu wengine.

Tuanze na kiangazi, maana hapo pana hatari ya roho za watu. Ulaya, majira yao ya joto huwa na mvua, na tairi lililotengenezwa kwa majira hayo limetengenezwa kwa joto pamoja na mvua. Kwenye lami yenye joto iliyolowa, hilo ndilo linalofunga breki kwa umbali mfupi kuliko wenzake wawili. Sasa mwambie Mswahili "tairi la kiangazi". Kiangazi kwetu ni jua na vumbi. Neno lenyewe limetoka kwenye anga na kuangaza. Mtu mwenye akili timamu atasema: hili ni la ukavu, mvua zikianza nalivua. Novemba ikifika atalivua kweli, atafunga jingine lisilofaa, na atakutana na maji akiwa amelitupa stoo tairi bora kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Istilahi inayomfanya mtu atende kinyume cha inachokitaja haistahili kuitwa istilahi.

Mstari wa pili nao una mambo yake. Nenda Chapwa, kata ya mji wa Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 kutoka ubavuni mwa Mbeya, ulizaliwa na baridi yake: eneo hili liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hakuna anayelala bila blanketi. Lakini baridi hiyo ni kavu. Mchana jua linawaka, lami inapata moto, na theluji watu wanaijua kwenye televisheni. Hapo hapo Chapwa yanapita magari ya IT, yaani magari ya mtumba yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa safarini kwenda Zambia na Kongo, na baadhi yake yanakuja na matairi yale yale yaliyokuwa yamefungwa Japani.

Nilisimama kwa fundi mmoja wa pembeni mwa barabara ya TANZAM, mwenye kompresa, karai la maji ya kutafutia pancha na rundo la matairi ya mtumba yaliyopakwa dawa nyeusi mpaka yanang'aa. Kijana mwenye Subaru Impreza WRX alikuwa anachagua.

"Chukua hizi za baridi, bosi," fundi akamwambia. "Huku kwetu baridi si unaijua?"

Kijana akanigeukia. "Eti mzee, ni kweli?"

Nikaliinamisha tairi. Ubavuni lilikuwa na herufi za Kijapani na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji katikati. Usoni limejaa chale, kana kwamba limechanjwa na mganga. Nikabonyeza kwa ukucha, ukucha ukaingia.

"Hili ni la theluji," nikasema.

Fundi akacheka. "Kwani theluji si ndiyo baridi, mzee?"

Fundi simlaumu, yeye anauza, wala hajalipwa posho ya kufikiri kuhusu maneno. Kinachonikera ni kwamba kamati imekwenda kumpigia mhuri. Kwa "tairi la majira ya baridi", kijana wa Mbozi, wa Mbeya au wa Makete ana haki kabisa ya kuamini kwamba hilo ndilo lake. Akilifunga, mpira laini utalika upesi kwenye lami ya moto, gari litapepesuka kwenye kona, na siku ya mvua breki zitachelewa. Ongeza kwamba "tairi baridi" tayari lina kazi nyingine gereji: upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, kabla ya safari. Neno moja, mizigo miwili.

Wajapani wenyewe hawakuchanganyikiwa. Zamani walipita kwenye theluji na matairi ya misumari, misumari ikaitafuna lami mpaka vumbi lake likawa kero ya miji kama Sendai. Sheria ya mwaka 1990 ikayafunga, na matairi laini yasiyo na misumari yakashika nafasi yake. Tairi hilo uso wake ukilika nusu, Mjapani hulihesabu limekwisha kwa theluji ingawa mifereji bado inaonekana. Lililokwisha kwake linaanza maisha mapya kwetu. Tungeliita "tairi theluji" tangu mwanzo, mnunuzi wa Chapwa angeuliza swali moja tu: theluji iko wapi?

Sasa nifike kwenye mstari wa tatu, ambao ndio ulionitoa kitandani.

"Misimu yote." Ya nani? Pwani wana kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani. Songwe mvua ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ukavu ambao ndani yake mna baridi. Ulaya wana majira manne. Jina linaloahidi "yote" bila kusema ni yapi linamuuzia mteja gunia ambalo halijafunguliwa.

Neno "msimu" lenyewe limetoka kwenye "mawsim" ya Kiarabu, ambayo mzizi wake ni kutia alama. Ni wakati uliotiwa alama: wa sikukuu, wa soko, wa pepo za kuvukia bahari. Wareno walilisikia wakalifanya "monção", Waingereza wakalipokea wakalifanya "monsoon". Nasi katika matumizi yetu tumelishika kwa uaminifu. Tuna msimu wa kahawa, msimu wa korosho, msimu wa ligi. Msimu ni wakati wa shughuli ya binadamu. Ndiyo maana nimemsikia muuza matairi akimweleza mteja kwamba "misimu yote" maana yake tairi haliishi haraka, linamaliza misimu kadhaa. Kwa Kiswahili chake hakukosea. Na nisisahau wanaisimu, ambao kwao "misimu" ni maneno ya mitaani yanayozuka na kupotea. Kamati iliyo na wanaisimu ndani yake imepitisha tairi la lugha zote za vijiweni na hakuna aliyenyanyua mkono.

Wapo waliojaribu kuokoa jahazi kwa "tairi la majira yote". Hao nawaheshimu kidogo zaidi. "Majira" ni neno la mabaharia: njia ya chombo baharini, kutoka "majra" ya Kiarabu, yaani mkondo, ambayo mzizi wake unabeba kukimbia na kutiririka. Utamu gani huo kwa kitu kinachokimbia juu ya maji yanayotiririka! Ningekuwa mtu wa kulevywa na asili ya maneno, ningelikubali papo hapo. Lakini bado linataja wakati, na tatizo letu halikuwa wakati. Hata Goodyear, walipotoa tairi lao la namna hii mwaka 1977, waliliita Tiempo, neno la Kihispania lenye maana ya wakati na pia hali ya hewa. Mhispania ana neno moja la vyote viwili, akaponea hapo. Sisi tunayo maneno mawili, na tulilochagua ndilo baya.

Kwa sababu hizo napendekeza, kama nilivyokwisha kupendekeza kwa barua ambayo hadi leo haijajibiwa, "tairi mseto". Mseto ni nomino ya kuseta, kuponda vitu mpaka vishikane; wali na choroko ndani ya chungu kimoja, kila kimoja kikiacha kidogo cha ukali wake ili kiishi na mwenzake. Hivyo ndivyo tairi hili lilivyo. Limepunguza uwezo wake wa joto ili lipate kidogo cha theluji, na halitawashinda wenzake katika nyanja zao. Jina linasema faida na hasara kwa pumzi moja, jambo ambalo "yote" haliwezi, maana "yote" ni neno la tangazo la biashara.

Mtaalamu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa yeye hupenda kuwataja wenzake tanbihini, amepinga kwamba mseto ni chakula. Ndiyo, ni chakula. Vilevile kuna kilimo mseto, miti na mazao katika shamba moja, na hakuna mkulima aliyejaribu kukipakua. Kuna serikali ya mseto. Na Tanzania ilipobadilisha tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006 kutoka SP kwenda ALu, wananchi walipokea "dawa mseto" bila semina hata moja ya istilahi. Amepinga pia kwamba gari la mafuta na umeme wengine huliita gari mseto. Vizuri. Gari ni gari na tairi ni tairi. Siku gari mseto litakapofungwa tairi mseto, Kiswahili kitakuwa kimelisema hilo kwa maneno manne wakati jedwali la kamati lingehitaji ukurasa.

Tairi la mstari wa kwanza napendekeza liitwe "tairi joto". Yupo aliyesema kwamba litachanganywa na tairi lililopata joto njiani. Aliyesema hivyo hajawahi kupanda lori. Dereva anayeshuka mlima Senjele akisikia harufu ya mpira hasemi tairi lina joto. Anasema limepata moto. Nafasi ya "joto" iko wazi, haina mpangaji.

Kamati zina tabia ya kudhani neno jipya lazima lifinyangwe upya. Mwaka 2020 korona ilipoingia, hakuna aliyefinyanga. Tulikwenda kuichukua barakoa, vazi la uso la wanawake wa pwani na Uarabuni, tukaipa kazi mpya, na ndani ya wiki chache kila mchuuzi alikuwa na neno hilo mdomoni na bidhaa mkononi. Mseto ni wa ukoo huo. Haujengwi, upo.

Tena watu wanaoishi kwa matairi hawataji majira kabisa. Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ikikimbiwa Naivasha mwezi Juni, kisha mwaka 2024 ikasogezwa Machi, kwenye mvua. Madereva walibadilishiwa hali ya hewa, matope yakachukua nafasi ya vumbi. Hawakuomba matairi ya msimu mwingine. Waliendelea kuchagua kati ya mpira mgumu na mpira laini. Wanataja kitu, si kalenda. Ndivyo jedwali langu linavyofanya: joto, theluji, mseto.

Kwa matumizi, nitasema haraka. Mwenye gari la mbio hapa Chapwa afunge tairi joto mwaka mzima, mvua na jua, asichanganye aina mbili kwenye ekseli moja. Asome tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Aangalie herufi ya mwendo, W ikiwa kilomita 270 kwa saa ingawa barabara yetu haimruhusu. Apime upepo asubuhi. Na asisubiri mifereji ifike milimita 1.6 ndipo aanze kutafuta mengine, maana mabonde yaliyochimbwa na malori kwenye lami hujaa maji, na tairi lililokaribia kipara huelea juu yake. Tairi mseto lenyewe atakayelihitaji Songwe ni nadra, na tairi theluji simwoni wa kulihitaji. Hilo halipunguzi haki ya jina lake.

Wauza matairi wa Chapwa na Tunduma nawaomba waandike majina hayo matatu kwa chaki kwenye mbao zao, wasisubiri kikao. Na wewe msomaji, ukikuta mwezi wa Novemba mtu anakuuzia jipya liitwalo "tairi la kiangazi", lichukue, lifunge, uendeshe. Kosa liko kwenye jina tu.